Haisikii, haisikiki, hazisikiani: kusoma kodi za mawasiliano katika mashine za ujenzi

Kwenye karatasi ya kazi ya garaji moja ya Likasi niliisoma sentensi hii, imeandikwa kwa kalamu ya buluu: «Kapteri ya vitesi ya motere imekufa.» Sentensi ni fupi na sarufi yake haina doa. Ilimgharimu mwenye mashine siku sita za kusimamisha kazi, pamoja na bei ya kapteri mpya ambayo haikuhitajika. Kompyuta ya ile mashine haikuwa imesema hivyo. Ilikuwa imesema kwamba habari ya mzunguko wa motere haikuifikia kwa wakati wake. Aliyeandika karatasi alitafsiri «sikusikia» kuwa «amekufa».

Tangu nianze kukusanya maneno ya mafundi kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo, wenzangu wa fakulti wananiuliza mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anatafuta nini katikati ya mashine zilizojaa grisi. Makala haya ni jibu langu. Nitaeleza jinsi kompyuta za mashine hizo zinavyozungumza, jinsi mazungumzo yao yanavyokatika, na jinsi fundi anavyotafuta mahali yalipokatikia. Kisha nitaonyesha kwamba Kiswahili, kwa viambishi vya kitenzi tu, kinaweza kuubeba uchunguzi huo vizuri kuliko maneno ya Kifaransa na ya Kiingereza yanayotokea kwenye skrini.

Kwanza istilahi. Mafundi niliowasikiliza huita kompyuta ndogo inayoongoza sehemu ya mashine «kalkilateri», kihisio huita «kapteri», furushi la nyaya «feso», na ekskaveta «pele». Nitayatumia yalivyo, kwa sababu ndiyo yanayofanya kazi. Nalo neno «kodi» hapa ni namba ya hitilafu inayotokea kwenye skrini. Msomaji aliyezoea Kiswahili cha Dar es Salaam asifikirie serikali wala mwenye nyumba.

Pele ya zamani haikuwa na mazungumzo ndani yake. Dereva alivuta kijiti, kijiti kilifungua vali, mafuta yakasukuma mkono wa chuma. Kitu kikikwama, fundi alifuata mpira wa mafuta kwa macho na vidole mpaka afike penye ubovu. Pele ya leo ina kalkilateri ya motere, kalkilateri ya pampu za haidroliki, na skrini ya dereva ambayo nayo ni kompyuta. Kila moja ina kapteri zake. Kalkilateri ya haidroliki inahitaji kujua mzunguko wa motere, ili pampu zisidai nguvu kuliko ile ambayo motere inaweza kutoa. Lakini kapteri ya mzunguko imefungwa kwenye kalkilateri ya motere, si kwake. Kwa hiyo ni lazima iambiwe.

Zinaambiana kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Utaratibu huo unaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuutengeneza mwaka 1983 kwa ajili ya magari, ikautangaza hadharani mwaka 1986 mjini Detroit. Juu ya CAN, malori na mashine nzito nyingi zinafuata kanuni nyingine inayoitwa J1939, ya chama cha wahandisi cha Marekani, SAE. Kwa mfano wa darasani: CAN ni fonolojia, J1939 ni msamiati na sarufi. Ya kwanza inaamua sauti zitolewe vipi na nani ampishe nani. Ya pili inaamua kila mfuatano wa sauti una maana gani.

Sauti zenyewe ni mbili tu. Nyaya zikipumzika, zote mbili zinakaa karibu na volti 2,5. Mmoja ukipanda hadi karibu 3,5 na mwingine ukishuka hadi karibu 1,5, hiyo ni sifuri. Zikirudi pamoja, hiyo ni moja. Kinachosikilizwa ni tofauti kati ya nyaya mbili, wala si kiasi cha volti katika waya mmoja. Waliosoma Saussure watatabasamu. Faida yake ni ya vitendo kabisa: makelele ya umeme kutoka kwenye alternata yakizigusa nyaya zote mbili sawasawa, tofauti haibadiliki, na neno linafika salama.

Halafu kuna suala la zamu. Kila habari huanza na namba yake. Kalkilateri mbili zikianza kusema kwa wakati mmoja, kila moja inajisikiliza yenyewe kwenye nyaya huku ikisema. Sifuri huifunika moja. Anayetoa moja akasikia sifuri, anatambua kwamba mwenye namba ndogo, yaani mwenye jambo la haraka zaidi, yuko njiani. Ananyamaza papo hapo bila kuliharibu neno la mwenzake, kisha anajaribu tena baadaye. Mwaka 1974 Sacks, Schegloff na Jefferson walieleza jinsi wanadamu wanavyopokezana zamu katika maongezi. Ukilinganisha na nyaya hizi mbili, adabu yetu wanadamu ni ndogo. Sitaji mikutano ya kamati ya wanafunzi.

Kuna mambo mawili zaidi katika maongezi haya ambayo fundi asipoyashika, kodi zitampoteza.

La kwanza: habari nyingi hazina mpokeaji maalumu. Kalkilateri ya motere haimwiti mtu. Inautangaza mzunguko wake kwa wote, kwa kawaida kila milisekunde 10, na anayeuhitaji ausikilize. La pili: mwishoni mwa kila habari, msemaji huacha nafasi ndogo sana ya kuitikiwa. Yeyote aliyesikia vizuri huijaza nafasi hiyo. Msemaji anajua basi kwamba angalau mmoja amesikia; hajui ni nani. Ni kama mzungumzaji anayesalimu umati, akajibiwa na sauti moja ya nyuma: anaridhika, anaendelea, hata kama safu nzima ya mbele imeziba masikio. Kwa hiyo msemaji mwenyewe mara nyingi hana lalamiko. Lalamiko hutoka kwa msikilizaji aliyengoja habari isije.

Kimya chenyewe nacho kinahitaji kusomwa, kwa maana J1939 inatofautisha namna tatu za kukosa habari, jambo ambalo lugha za wanadamu hazilifanyi mara zote. Chukua joto la maji ya motere. Linaandikwa kwa namba moja kati ya 0 na 255. Kutoka 0 hadi 250 ni joto lenyewe: unatoa 40, unapata digrii, hivyo 130 ni digrii 90. Namba 255 maana yake ni «kitu hicho sina». Namba 254 maana yake ni «ninacho, lakini kina kasoro». Namna ya tatu ni pale ambapo habari nzima haikufika, hakuna namba yoyote. Anayesema 255 bado anasema. Nyaya zake ni nzima, umeme anao, njia iko wazi. Fundi anayechanganya «sina» na kimya atakata feso isiyo na kosa.

Sasa tuje kwenye kodi. Kodi ya J1939 ina namba mbili ambazo kila fundi anazijua. Ya kwanza, SPN, inataja kitu: 100 ni shinikizo la mafuta ya motere, 110 ni joto la maji, 190 ni mzunguko wa motere, 639 ni njia yenyewe ya mawasiliano. Ya pili, FMI, inataja aina ya kasoro. FMI 3 ni volti iliyozidi, 4 ni volti iliyopungua, 5 ni mkondo uliopungua, mara nyingi kwa sababu waya umekatika. FMI 2 ni habari inayoyumba, isiyoaminika. FMI 9 ni habari isiyofika kwa mwendo unaotakiwa. FMI 19 ni habari iliyofika kwa njia ya nyaya, lakini ikiwa na kosa ndani yake.

Kuna namba ya tatu ambayo mafundi wengi huipita: anwani ya aliyetoa kodi. Motere ni 0, gia ni 3, dashibodi ni 23, na kadhalika. Kwangu mimi hii ndiyo namba yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayopotea kila mara kodi inapotafsiriwa kwa mdomo.

Wanaisimu wana jina la jambo hili. Lugha kama Kikechua na Kituruki zina viambishi vinavyoonyesha kama msemaji aliliona jambo kwa macho yake au amelipata kwa njia nyingine. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo. Tunasema «inasemekana», au tunanyamaza. Kodi ya J1939 inao ushahidi huo ukisoma FMI pamoja na anwani. SPN 190, FMI 5, kutoka anwani 0: hapa kalkilateri ya motere inazungumzia waya inaoushika yenyewe. Ni shahidi wa macho. SPN 190, FMI 9, kutoka kwa kalkilateri ya haidroliki: huyu hajawahi kuigusa kapteri hiyo. Anachojua ni kwamba habari aliyoizoea haikuja. Ni kama jirani anayesema redio yako imenyamaza. Huenda redio imekufa, huenda umeme umekatika, huenda umehama nyumba, huenda yeye ndiye aliyefunga dirisha.

Ile pele ya Likasi ilikuwa na kodi ya aina hiyo ya pili. Mashine ilifanya kazi vizuri ikiwa imesimama mahali pamoja; ikianza kuzunguka na kuchimba, mshale wa mzunguko kwenye skrini ulianguka hadi sifuri, nguvu ikapungua, kisha baada ya sekunde chache vyote vikarudi. Motere yenyewe ilikuwa inanguruma bila kukatika wakati mshale uko kwenye sifuri. Kapteri mpya ilipofungwa na hali ikabaki ileile, shefu wa garaji, mzee ambaye alianza kazi kabla kompyuta hazijaingia kwenye pele, alimwita stajiere. Nilikuwa pale na daftari langu.

— Nani alisema kapteri imekufa?
— Kodi, Shefu.
— Kodi ya nani?

Stajiere hakuwa na jibu, kwa sababu karatasi haikuwa na sehemu ya kuandika jibu hilo. Walifungua tena kifaa cha kusomea. Kalkilateri ya haidroliki ilikuwa imelalamika kwamba haipati habari za motere. Halafu walisoma kodi zilizohifadhiwa katika kalkilateri ya motere, ambazo hakuna aliyezitazama siku ya kwanza. Nayo ilikuwa imelalamika, saa zilezile za kazi, kwamba haipati habari za haidroliki. Shefu alicheka. Wawili wakishtakiana kwamba mwenzake amenyamaza, alisema, wote wawili wanasema; ni barabara ndiyo imekatika.

Kuthibitisha ni kazi ya multimetri, na hapa hesabu ni ya kupendeza. Kwenye kila ncha ya njia ya mawasiliano kuna rezistansi ya omu 120. Kazi yake ni kuimeza ishara ifikapo mwisho, isirudi kama mwangwi na kuvuruga maneno yanayofuata. Mbili za omu 120 zilizofungwa sambamba zinatoa omu 60. Fundi anazima mashine, anakata umeme wa batri, kisha anapima kati ya matundu C na D ya prizi ya uchunguzi, ile ya duara yenye matundu 9. Akipata karibu 60, ncha zote mbili zinaonekana. Akipata 120, ncha moja haionekani: ama rezistansi imetoka, ama njia imekatika mahali fulani. Akipata karibu 40, mtu ameongeza rezistansi ya tatu, jambo linalotokea kwenye mashine iliyopita katika mikono mingi. Karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana, na mashine nzima haina mazungumzo.

Stajiere alipima akapata 60. Kwa kitabu, njia ni nzima. Shefu akamwambia aendelee kushika multimetri, naye akaingia nyuma ya kabini na kuitikisa feso kidogo kidogo, sentimita kwa sentimita. Penye tundu ambapo feso inapita kutoka kabini kwenda kwenye motere, namba iliruka hadi 120, ikarudi 60, ikaruka tena. Mpira wa kulinda tundu haukuwepo. Ukingo wa bati ulikuwa umekula ngozi ya waya wa kijani na kuukata karibu wote. Ulibaki umeshikana kwa nyuzi mbili tatu, ambazo ziliachana kila mashine ilipotetemeka. Ukarabati ulichukua chini ya saa moja, pamoja na kukata kipande cha mpira wa zamani ili kukinga tundu.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu ya kile kicheko cha Shefu. Alichokisema kwa sentensi nzima, Kiswahili kinacho tayari ndani ya kitenzi kimoja. Tazama mzizi wa kusikia.

«Haisikii»: kalkilateri moja haipati habari za yeyote, wakati nyingine zote zinapatana. Tafuta kwenye tawi lake la waya, au kwake yenyewe. «Haisikiki»: kalkilateri moja haipatikani na yeyote; wote wanalalamika juu yake. Tafuta kwanza umeme wake, fyuzi yake, masi yake, kabla ya kuiagiza mpya. «Hazisikiani»: makundi mawili yanalalamikiana, na ndani ya kila kundi watu wanapatana. Tafuta kwenye njia kuu, kati ya makundi hayo. Na kama wote wamenyamaza kwa pamoja, nyaya mbili zimegusana au mmoja amekwama akipiga kelele. Huyu wa mwisho hutokea mara chache, kwa sababu CAN ina adabu ya pekee: kila kalkilateri inahesabu makosa yake yenyewe inaposema, na hesabu ikivuka 255 inajitoa kwenye mazungumzo. Sijui bunge lolote lenye kanuni hiyo.

Viambishi vitatu, basi: kauli ya kutenda, kauli ya kutendeka na kauli ya kutendana. Kila kimoja kinampeleka fundi mahali tofauti kwenye mashine. Skrini ya Kifaransa inaandika tu kwamba mwendo wa kusasisha si wa kawaida, na anayesoma anabaki kujiuliza ni mwendo wa nani. Kauli ya kutendeka ndiyo ninayoipenda zaidi. «Haisikiki» inataja hali bila kumtaja mwenye kosa. Inamwachia fundi kazi ya kumtafuta, ilhali «imekufa» imeshahukumu.

Niliwapelekea mafundi pendekezo hili, nao hawakulipokea kwa makofi. Fundi mmoja wa Lubumbashi aliniambia kwamba katika garaji yake «pele haisikii» tayari ina maana: dereva anavuta kijiti na mkono wa chuma hausogei, kama vile tunavyosema mtoto hasikii. Ana haki. Kusikia kwetu ni kupata sauti, ni kuelewa, na ni kutii, na katika maongezi ya kawaida tunapita kutoka maana moja hadi nyingine bila kugonga kengele. Kwenye karatasi ya kazi hatuwezi. Tulikubaliana kwamba «haisikii» iandikwe daima pamoja na jina la asiyesikika: «haidroliki haisikii motere». Pele nzima ikigoma, waandike «haitii». Huo ni uamuzi wa garaji mbili tu, lakini karatasi zao sasa zina safu mpya yenye swali moja: nani analalamika?

FMI 19 bado inatusumbua. Habari imefika, mjumbe ni mzima, njia ni nzima, lakini mwenye habari mwenyewe ameitia alama ya kasoro kabla ya kuituma, ile 254 ya hapo juu. Mimi nilipendekeza «imepokelewa ikiwa na kosa», ambayo ni tafsiri sahihi na haina ladha. Stajiere alisema yeye angeandika «ilitoka mbovu kwao». Shefu hapendi «kwao», anasema ni neno la watu na si la mashine. Lakini ni stajiere aliyeeleza kwa ufupi jambo ambalo fundi anahitaji kujua, yaani aende kutafuta kwa mtumaji na aiache njia. Mhadhiri yeyote wa mofosintaksia anayeona namna ya kulisema hilo kwa kitenzi kimoja, karatasi ya garaji ina nafasi.